Jinsi ya kumfuata kiongozi anayehusika na watu wanaolala nje Nairobi, mpaka ajibu

Ukimuuliza mtu hapa Nairobi ni nani anafaa kujibu juu ya watu wanaolala nje atakuambia serikali, na akishasema serikali maneno yameisha hapo, manake serikali haina mlango mmoja wa kubisha. Mi nimezunguka na hilo neno muda mrefu. Kuna vijana na kina mama tunawapelekea chai na mkate usiku, mimi na majirani wachache, na mwaka wa kwanza niliandika barua ndefu ya kurasa tatu nikaipeleka ofisi moja, nikatumwa nyingine, hiyo nyingine ikanirudisha kwa ya kwanza, miezi minne ikaisha hivyo. Baadaye ndio nikaelewa, kila ofisi iliweza kusema hii si yetu kwa sababu barua yangu haikuuliza kitu ambacho ni chao. Niliandika watu wanateseka, tusaidieni. Hakuna afisa ana faili ya mateso. Ana faili ya pesa, ya ploti, ya askari, ya watoto, ya vitambulisho.

Kwa hivyo hapa naeleza vile tunafanya siku hizi, ukiwa Nairobi au kaunti nyingine ya Kenya utaona unaweza kuifuata.

Gawa shida kabla hujaandika

Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Hiyo wengi wanajua. Wasichojua ni kwamba mwishoni mwa Katiba kuna Jedwali la Nne, na ndilo linagawa kazi: sera ya nyumba iko kwa serikali ya kitaifa, mipango ya kaunti pamoja na nyumba iko kwa kaunti. Sasa chukua mama mmoja anayelala kwa veranda ya duka na watoto wawili. Watoto ni kazi ya idara ya watoto, serikali ya kitaifa. Kitambulisho chake kilichopotea, kitaifa. Kanjo, yaani askari wa kaunti, wanaomfukuza saa kumi alfajiri, gavana. Choo na kliniki ya karibu, gavana tena. Ile nyumba ya bei nafuu inayojengwa ng'ambo ya barabara, kitaifa. Pia kuna hazina ya kurekebisha maisha ya familia za mtaani iliyoanzishwa 2003, hiyo nayo iko kitaifa, wengi hata hawajui ipo. Mtu mmoja, faili tano au sita, na ukiandika barua moja ya jumla zote sita zitakukwepa. Andika barua sita fupi.

Na kuna kifungu kimoja nataka ukikariri kabisa, cha 20 sehemu ya 5. Kinasema serikali ikidai haina pesa za kutimiza haki kama hii ya makao, ni jukumu la serikali yenyewe kuonyesha kwamba pesa hazipo, na tena katika kugawa inafaa iangalie walio dhaifu zaidi. Yaani si kazi yako kuthibitisha pesa ziko. Nimeona afisa akisema hatuna bajeti na watu wanaitikia kwa kichwa wanaenda nyumbani. Usiende nyumbani. Muulize kwa heshima, tunaomba utuonyeshe kwa karatasi. Kwa watoto ni nguvu zaidi, manake kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya chakula, makao na matibabu, na hapo hakuna maneno ya kwamba itatimizwa polepole.

Hesabuni wenyewe

Hesabu ya kitaifa ya familia za mtaani ya 2018 ilipata watu 46,639 Kenya nzima, Nairobi peke yake 15,337. Hiyo ni kabla ya korona, kabla ya mafuriko ya 2024, kabla ya bei ya unga kupanda vile ilipanda. Mwakilishi wa wodi ukimwambia watu 15,337 atakuambia hao ni wa jiji zima. Ukimwambia kwa wodi yako, kati ya soko na stendi ya matatu, tumehesabu watu hawa usiku wa Jumanne na tumerudi Ijumaa tukapata hawa, hapo ana shida ya kujibu.

Tunahesabu hivi. Tunaenda watu wanne au watano, wawili wakiwa wanajulikana na wale wa besi, yaani pale kundi linapolala, kati ya saa nne na saa sita usiku, halafu tunarudi alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa. Kwanza unasalimia mkubwa wa besi, kila besi ina mkubwa wake, unamweleza unachofanya na akikataa mnaondoka, mtarudi siku nyingine. Hakuna kupiga picha. Hakuna kuandika majina. Na tafadhali usiwaite chokoraa, hata kama wao wenyewe wanaitana hivyo, kwao ni utani wa ndugu, kwako wewe uliyetoka kwa nyumba yenye mlango ni tusi. Unaandika mtu mzima au mtoto, mwanamume au mwanamke, na kama anakubali unamuuliza maswali matatu tu: ulilala wapi kabla ya hapa, nini ilikutoa huko, na leo ungepata nini ndio utoke.

Majibu ya swali la pili ndiyo yalinibadilisha mimi. Nilidhani nitasikia umaskini, umaskini, umaskini. Badala yake mtu anakuambia landilodi alifunga nyumba na kufuli nikiwa kazini vitu vikabaki ndani. Mwingine nyumba iliungua. Mwingine mama alikufa, mjomba akauza. Mwingine tingatinga ilikuja. Mwingine alitoka jela hana nauli ya kwenda kwao. Kila jibu kama hilo lina ofisi ambayo ingezuia, na ndiyo unaenda kuiuliza. Na la tatu, wengi hawakutaja nyumba ya serikali, walitaja kodi ya mwezi wa kwanza na deposit. Chumba cha mabati huku kwetu ni kama 3,000 kwa mwezi. Mtu ana kazi ya kubeba mizigo sokoni, angelipa kila mwezi bila shida, ila hiyo 6,000 ya kuanzia hawezi kuifikisha kwa sababu pesa ukilala nayo nje unaibiwa.

Barua ya kuomba habari

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu wewe mwananchi kuuliza ofisi ya umma na unaweza kuandika kwa Kiswahili, huhitaji wakili, na kupeleka ombi ni bure, labda ulipie fotokopi. Wana siku 21 za kujibu. Kama ni jambo la maisha au uhuru wa mtu ni masaa 48. Yetu tunaiweka fupi hivi:

"Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari, Kaunti ya Jiji la Nairobi. Kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za yafuatayo. Kiasi kilichotengwa kwa malazi na huduma za familia za mtaani katika mwaka wa fedha uliopita, na kiasi kilichotumika. Orodha ya makao yanayoendeshwa au kufadhiliwa na kaunti na idadi ya vitanda katika kila moja. Utaratibu ulioandikwa unaofuatwa na askari wa kaunti wanapowaondoa watu mitaani, na mahali wanapopelekwa. Naomba jibu ndani ya siku 21."

Chini jina, simu, tarehe. Usieleze uchungu kwenye hii barua, uchungu una mahali pake. Toa nakala mbili, moja wanabaki nayo, ya pili wanakugongea muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Wakisema muhuri hauko, mwenye muhuri ametoka, kaa kwa benchi umngoje. Bila huo muhuri siku 21 hazina mwanzo. Siku zikiisha kimya, unaandika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaiita Ombudsman, unaambatisha nakala yenye muhuri, na wao wana nguvu ya kuwaamrisha wajibu.

Hata jibu la "hakuna rekodi kama hiyo" ni la maana sana, lihifadhi. Kama kaunti imekiri kwa maandishi haina utaratibu wowote wa kuwaondoa watu, basi wanaoondolewa usiku wanaondolewa kwa amri ya nani? Hilo ndilo swali la kumpelekea MCA wako, yaani mwakilishi wa wodi, na lipeleke na karatasi.

Jua tarehe za bajeti

Hapa ndipo watu wema wanapoteza. Wanakuja mwezi wa saba, bajeti imepita, wanaambiwa ngojeni mwakani, na mwakani tena wanakuja mwezi wa saba. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unafika kwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Taarifa ya mikakati ya fedha, ile inaweka kiwango cha kila idara, kufikia 28 Februari. Makadirio yenyewe 30 Aprili, na yanapitishwa kufikia mwisho wa Juni. Kama jambo lako haliko kwenye ule mpango wa Septemba, kuliingiza Mei ni kama kumwomba dereva ageuze matatu ikiwa Thika Road na watu wamejaa. Kwa hivyo Julai na Agosti ndiyo miezi ya kazi kwa bajeti ya mwaka unaofuata, na ndiyo miezi vikao vya maoni huwa na watu wachache.

Waraka wa maoni uwe ukurasa mmoja. Matatu mtakayoomba, si kumi, na kila moja liwe na mahali na bei. Kwa mfano badala ya kusema tunataka makao ya familia za mtaani, sema jengo fulani la kaunti lililofungwa, lifunguliwe usiku kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, magodoro idadi hii, walinzi wawili, mhudumu wa afya mara moja kwa wiki. Sisi tumekuwa tukiomba pia mfuko wa kodi ya kwanza na deposit, unaolipwa moja kwa moja kwa landilodi, manake hiyo ni ndogo kuliko gharama ya lori, mafuta na askari wa kuwahamisha watu walewale kila wiki.

Kuna watu watasema hiyo ni ndoto, mpe mtu wa mtaani nyumba ataharibu, kwanza aache kunusa gundi. Ufini walianza kazi yao kubwa 2008 kwa njia hiyo ya kumpa mtu nyumba kwanza, mkataba wa kupanga kwa jina lake, halafu msaada wa kuacha pombe au dawa unamkuta akiwa ndani, na idadi yao iliyokuwa zaidi ya 15,000 mwishoni mwa miaka ya 80 ikashuka chini ya 4,000. Najua Ufini ni tajiri. Lakini walichofanya cha kwanza ni kuamua kwa siasa, serikali na miji ikaweka pesa kwa kapu moja na miaka ya kutimiza, na vyama vilivyofuata havikutupa ule mpango. Mtu hawezi kuacha gundi akilala kwa baridi ya Julai, wenyewe wanakuambia gundi ndiyo blanketi.

Tingatinga ikitangazwa

Kuzuia familia moja isitoke ni rahisi kuliko kurudisha moja ndani, kwa hivyo hapa nitakaa kidogo.

Sheria ya ardhi iliyorekebishwa 2016, kifungu cha 152 na herufi zake, inataka notisi ya miezi mitatu kabla ya kuwatoa watu. Kwa ardhi ya umma notisi iwe kwenye gazeti la serikali, gazeti la kawaida na redio. Siku yenyewe wanaobomoa wajitambulishe, waonyeshe idhini, maafisa wa serikali wawepo, watoto, wazee na walemavu wawekewe mpango, na nyinyi mpewe nafasi ya kwanza kujibomolea mabati yenu na kuokoa vitu. Na baada ya kupata notisi unaweza kwenda kortini kuomba isimamishwe au irefushwe.

Kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, zaidi ya familia 3,000, walipewa siku saba kwa tangazo la gazeti na wakabomolewa Novemba 2011 korti ikiwa imesema isifanyike. Kesi yao ilipanda mpaka Mahakama ya Juu, ikaamuliwa 11 Januari 2021, na ile korti ikasema watu waliokaa ardhi ya umma muda mrefu na kujenga maisha hapo wana haki ya makao ambayo serikali lazima iiheshimu, hata kama hawana hati. Miaka tisa na zaidi. Waliokuwa watoto siku ya tingatinga walikuwa watu wazima siku ya hukumu, na bado tingatinga ilikuja Mathare na Mukuru 2024 baada ya mafuriko, watu wa mita 30 kutoka mto wakaambiwa watoke, serikali ikatangaza KSh 10,000 kwa kila familia. Mto ni hatari kweli, sibishani na hilo. Lakini kumtoa mtu kwa hatari bila kumwambia anaenda wapi ni kumhamisha kwa hatari nyingine.

Kwa hivyo mkisikia fununu tu, siku hiyohiyo andikeni orodha ya nyumba zote, nani anakaa, tangu mwaka gani, watoto wangapi, mgonjwa yuko nyumba gani. Pigeni picha za nyumba zikiwa zimesimama, risiti za maji na stima, kadi za kliniki zenye jina la mtaa, vyote hivyo vinaonyesha mmekaa. Chagueni watu watatu wa kuongea. Nendeni kwa chifu, MCA na mbunge na barua ileile, mkigongewa muhuri kote, kisha Kituo cha Sheria, shirika la kusaidia watu kisheria, au huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria. Korti huangalia kama mlikuja mapema, kwa hivyo msingoje mpaka mwezi wa tatu wa notisi uishe.

Wa nyumba za kupanga nao, landilodi hana ruhusa ya kukutoa na kufuli au kung'oa mlango bila amri ya korti au mahakama ya wapangaji. Shida ni kwamba ile mahakama ya wapangaji inashughulikia nyumba za kodi isiyozidi 2,500, kiwango cha zamani sana, siku hizi hata mabati yanapita hapo. Hiyo ni kazi ya mbunge wako, kubadilisha hiyo namba. Muulize amewahi kuitaja bungeni.

Kanjo wakiwachukua watu usiku

Mwaka wa 2019 watoto wa mtaani wa Nakuru walichukuliwa usiku wakaenda kutupwa msitu wa Chemasusu kule Baringo, seneti ikaingilia. Siwezi kuandika hii bila kusimama kidogo, watoto, msituni, usiku.

Ukiona lori, andika saa, mahali, namba ya lori, na idadi ya watu. Wakiwa na watoto piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure. Aliyekamatwa lazima aambiwe sababu na afikishwe kortini ndani ya saa 24, na kifungu cha 49 cha Katiba kinasema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hafai kuwekwa rumande kwa hilo. Makosa ya kanjo mengi ni hayo madogo. Tena Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitoa maoni 4 Desemba 2020 kwamba sheria za kukamata watu kwa uzururaji haziendani na mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na nchi zizifute au zizirekebishe. Asubuhi nenda na hayo kwa MCA, umuulize wamepelekwa wapi na nani alisaini.

Pesa yako mwenyewe iko ndani

Kama umeajiriwa angalia peislipi. Sheria ya nyumba za bei nafuu ya 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara wako na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho, ukipata 30,000 ni 450 yako na 450 yake kila mwezi. Sheria hiyo yenyewe ina kundi la nyumba za kijamii kwa wenye mapato chini ya 20,000. Muulize mbunge wako swali moja tu, katika mradi ulio karibu na sisi, nyumba ngapi ni za hilo kundi, na mtu asiye na kitambulisho wala peislipi anaombaje? Muulize kwa baraza watu wakiwepo, halafu mwandikie pia. Akikosa kujibu mnaweza kupeleka ombi rasmi kwa Bunge la Kitaifa, linakubalika kwa Kiswahili, majina na saini au alama ya kidole, mwandike mlijaribu ofisi gani kabla (mihuri yote ile sasa inafanya kazi) na kamati inafaa kurudi na ripoti ndani ya siku 60.

Halafu vitambulisho. Anayelala nje mara nyingi hana, hana vya wazazi, hana chifu wa kumwandikia barua, kwa hivyo hapati laini ya simu, hapati matibabu kirahisi, na hapigi kura, na mwanasiasa anajua hapigi kura. Uchaguzi ni 10 Agosti 2027. Ombeni siku moja ya usajili pale pale sokoni, chifu akiwepo, muanze kuiomba sasa, msingoje mwaka wenyewe. Mgombea akija kuomba kura kwenu mwonyesheni hesabu yenu ya usiku na mwulize atafanya lipi kati ya matatu mliyoomba, na mrekodi jibu.

Na ukipata jibu lolote, hata la mistari miwili, usikae nalo kwa simu. Rudi nalo kwenye besi uwasomee kwa sauti, na pia wasomee waraka wenu kabla haujaenda. Sisi tulisoma wetu wa kwanza tukiwa tumeshautoa, na mama mmoja akasikiliza mpaka mwisho akatuambia tumesahau choo, kwamba saa mbili usiku vya kulipia vinafungwa na yeye ana msichana wa miaka kumi na mbili. Waraka uliofuata ulianza na choo.